Namna orkesta ya kijiji ilivyoshika wachezaji mpaka alfajiri

Katika vitabu vidogo kama hiki tunasoma mara nyingi juu ya tohara, mahari, mazishi na ngoma za wazee. Ni vizuri. Lakini kuna desturi moja ambayo umri wake haufiki miaka mia, na kwa sababu hiyo watu wanaona haya kuiita desturi. Ni orkesta ya kijiji. Miye ninasema ni desturi kamili, kwani ilikuwa na sheria zake, wakubwa wake, na watoto waliojifunza kwa wakubwa hao. Tena imekaribia kuzimika mbele ya macho yetu, siye wenyewe tulioicheza.

Kwanza nijitambulishe kidogo. Miye ni mwalimu wa segondari, diploma yangu ya ualimu niliipata Kindu. Si mpiga muziki. Nilizaliwa Lusangi, huku kwetu Maniema ya kusini, katika inchi ya Kasongo na Kabambare. Yaya yangu alikuwa mpiga gitaa ya solo katika orkesta ya kwetu. Miye nilikuwa mtoto wa kumwaga maji na kutikisa kopo. Lile kopo njo linanipa ruhusa ya kuandika kurasa hizi.

Ninajiuliza swali hili: vyombo vilikuwa vibaya, umeme hakuna, waimbaji wamekunywa kidogo. Iliwezekana namna gani watu wacheze tangu saa mbili ya usiku mpaka adhana ya alfajiri? Na leo tuna bafle kubwa kama milango ya nyumba, sauti inafika mpaka mtoni. Juu ya nini watu wanakaa kwa viti?

Maji na kopo

Tuseme ukweli, vyombo vyetu havikuwa vya kuonyesha wageni. Gitaa moja tu ilitoka dukani, ile ya solo, na yaya aliinunua ikiwa tayari imezeeka. Zile zingine zilichongwa kwa mbao. Nyuzi zake zilikuwa waya za freni ya kinga, tulizozifungua uzi kwa uzi. Batri, maana yake zile ngoma za kupigwa kwa vijiti, ilikuwa masanduku mawili yaliyofunikwa ngozi ya mbuzi, na kifuniko cha sufuria kilichotundikwa kwa kamba. Mikrofoni ilikuwa moja, nayo iliunganishwa na amplifikateri iliyokula nguvu ya betri ya gari. Saa nane ya usiku betri ilikuwa imekufa. Kuanzia hapo kila mtu aliimba kwa mapafu yake mwenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ilianza kabla jua halijatua: kumwaga maji katika lupango mahali watu watacheza. Mkubwa wa orkesta alisema vumbi ni adui wa kwanza. Vumbi ikipanda, mama mmoja anafunika pua kwa kikwembe, anaenda kukaa, na akikaa anamvuta rafiki yake. Wakikaa wamama wanne, wanaume wanabaki kama miti katika shamba lililofyekwa. Lakini ukimwaga mingi ni matope, na mwenye viatu vya feti hakubali kuingia. Kwa uwanja wa kawaida ilikuwa ndoo nne: mbili jioni, mbili katikati ya usiku wakati watu wanakula. Miye nilikuwa na miaka kumi na mbili, na niliona kazi hiyo ni ya kunidharau. Leo najua kwamba muziki wetu ulianzia katika ndoo zile.

Kazi ya pili ilikuwa kopo. Kopo la maziwa, ndani yake mbegu ngumu, tundu limezibwa. Mwenye kutikisa kopo anasimama mbele, karibu na mwimbaji, uso wake kwa wachezaji. Usiku wa kwanza yaya aliniambia hivi:

— Miye naangalia vidole vyangu. Weye angalia miguu ya watu. Ukiona inachoka, unigonge na goti.

Ndivyo mtoto wa miaka kumi na mbili alivyokuwa macho ya orkesta. Mpiga solo anatazama nyuzi, mwimbaji anatazama wenye pesa, mpiga batri yuko nyuma gizani. Lazima mtu mmoja atazame miguu.

Na miguu inasema. Mtu mwenye furaha anacheza kwa vidole vya mguu, kisigino kiko hewani kidogo. Akianza kutua kisigino chote, amechoka, hata kama anacheka. Mama akifungua kikwembe chake na kukifunga upya, wimbo ukiisha ataenda kukaa. Mwanaume akitazama upande wa chupa yake, umempoteza tayari. Vijana wakianza kuzungumza wakicheza, mdundo umekuwa wa zamani kwao, uwabadilishie. Tena pisti haiachwi na watu wote mara moja. Inaanza kufunguka pembeni, upande wa mlango. Ukiona tundu upande ule, usingoje.

Wimbo unavyojengwa

Wengi wanafikiri rumba yetu ni kelele ya furaha tu. Si hivyo. Wimbo wa orkesta una vyumba viwili kama nyumba. Chumba cha kwanza ni cha polepole: waimbaji wanaeleza habari yao, gitaa zinajibu, watu wanacheza wawili wawili. Hapa wazee wanaingia pasipo haya, kwani hakuna jasho. Kisha mlango unafunguliwa, na tunaingia chumba cha pili, sebene. Maneno yanapungua, gitaa zinachukua mamlaka, kila mtu anaachana na mwenzake na kucheza mwenyewe ao kwa mstari.

Gitaa katika sebene zinagawana kazi. Besi inashika ardhi. Akompa, yaani ile ya kusindikiza, inarudia kifungu kimoja pasipo kuchoka. Solo iko juu inatembea, na kati ya hizo mbili kuna mi-solo, inayojaza pengo. Siri ya sebene ni kurudia. Solo inachukua kifungu kifupi, inakizungusha mpaka mwili wa mchezaji unakijua. Pale mwili unapokijua kabisa, kabla haujachoshwa, inabadilisha kifungu na batri inatoa alama. Ule mshtuko mdogo njo unaoamsha watu upya. Kubadilisha mapema ni kosa, miguu bado haijaelewa. Kuchelewa ni kosa kubwa zaidi.

Baba yangu alikuwa na pikapu ya kupiga sahani. Wazee wanakumbuka zile sahani ndogo za mizunguko 45. Wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, basi wakaukata: mwanzo upande A, sebene upande B. Katikati lazima mtu aende kugeuza. Nimeona kwa macho yangu wachezaji wamesimama mikono hewani, wanangoja baba ageuze sahani, na wengine wanatumia nafasi hiyo kwenda kukaa. Orkesta haikuwa na upande B. Ilipita kutoka chumba cha kwanza mpaka cha pili bila kuzima taa. Sebene ile ile, miguu ikiwa mizuri, ilidumu robo saa. Miguu ikiwa mibaya, ilikatwa haraka na wimbo mwingine ukaingia. Ndiyo maana watu wa kwetu walipenda orkesta yenye makosa kuliko sahani nzuri ya Kinshasa.

Kulikuwa na sheria zingine nilizozishika kwa kuona. Wimbo wa kwanza wa usiku ni wa wazee, wa polepole, unaojulikana na wamama, na mwenye feti anaufungua na bibi yake, kwani hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Baada ya nyimbo mbili za moto, moja ya baridi. Sebene ya mwisho ikatwe watu wakingali na njaa yake. Na sheria ya juu ya zote: akompa haifi. Waya za kinga zinalegea ovyo, hasa usiku wa baridi. Solo akikaza nyuzi, waimbaji wakinywa maji, akompa anaendelea pekee yake, taratibu, na kopo langu pamoja naye. Mchezaji anasimama lakini hakai. Anatikisa kichwa, anangoja. Kimya kikiingia, watu wanakumbuka kwamba miguu inauma.

Mambo haya hayakuzaliwa kwetu pekee

Sitaki wasomaji wafikiri ninasifia kijiji changu bure. Wakubwa wetu walijifunza kutoka mbali, kwa radio na kwa watu waliosafiri. OK Jazz ilizaliwa mwaka 1956 pale Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, na Franco aliiongoza mpaka kifo chake mwaka 1989. Katika miaka ya 1980 orkesta hiyo ilikuwa na watu wengi hata ikaweza kujigawa vikundi viwili. Zaiko Langa Langa ilianza Desemba 1969. Vijana wale waliacha tarumbeta, wakaipa batri na gitaa nafasi kubwa, na mwanzo wa miaka ya 1980 wakaleta atalaku, mtu wa kupaza sauti juu ya sebene huku akitikisa kopo la dawa ya wadudu. Niliposikia habari ya kopo lile nilifurahi sana. Kumbe mbele ya orkesta kubwa za Kinshasa pia kulisimama mtu wa kopo, uso kwa watu!

Upande wa mashariki, mtoto wa Maniema alifanya mambo makubwa. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kuingia katika orkesta ya Makassy, na baadaye akajulikana na Super Matimila. Aliimba Kiswahili juu ya umaskini na juu ya kifo, na watu walicheza wakisikiliza maneno. Alikufa Desemba 2010 huko Dar es Salaam. Nao Orchestra Maquis du Zaïre, waliotoka Lubumbashi na kukaa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, waliupa mtindo wao jina la Kamanyola bila jasho. Jina hilo ni somo zima: cheza polepole, na usiku utakuwa mrefu. Watanzania wenyewe wanaita sehemu ya moto ya wimbo «chemko». Ni neno zuri kuliko letu, kwani sufuria haichemki kabla ya kuwekwa motoni.

Nilipokuwa nasoma Kindu nilisoma pia habari ya Wamarekani weusi wa Harlem, katika mji wa New York. Kulikuwa huko na nyumba ya kucheza iliyoitwa Savoy, iliyofunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1958. Ilikuwa na majukwaa mawili. Orkesta moja ikimaliza, nyingine inashika papo hapo, wachezaji hawapewi nafasi ya kutafuta viti. Mwaka 1937 orkesta ya Chick Webb, aliyekuwa mpiga batri, ilishindana humo na ile ya Benny Goodman, na wachezaji wa nyumba wakampa Webb ushindi. Niliposoma nilicheka pekee yangu katika chumba cha vitabu. Majukwaa mawili ya Harlem na akompa yetu ya waya za freni vilifanya kazi moja: kukataza kimya.

Majina na ngoma ya nyumbani

Kuna silaha mbili ambazo sahani haina. Ya kwanza ni jina. Mwimbaji wetu alijua kila mtu aliyekaa: babu yake nani, ametoka mlima gani, shangazi yake aliolewa wapi. Pisti ikipoa, aliingiza jina la mtu katika wimbo, tena kwa Kibangubangu. Nani atakaa kitini huku jina la marehemu baba yake linaimbwa? Alisimama, akacheza, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji. Miaka ile, 1992 na 1993, pesa za zaïre zilikuwa zinaanguka kila siku, hata noti ya milioni tano ilitolewa. Basi watu walianza kutunza kwa kitu: kuku, kikombe cha chumvi, bakuli la mchele. Niliona kuku amefungwa miguu, anasikiliza sebene karibu na amplifikateri mpaka asubuhi.

Ya pili ni ngoma ya nyumbani. Saa tisa ya usiku, wakati usingizi una nguvu, mkubwa wa orkesta alinyamazisha gitaa zote isipokuwa akompa. Mpiga tumba alileta mdundo wa wazee, ule wa ngoma za sherehe zetu, na mwimbaji akatupa mwito. Wamama wazee waliosinzia ukutani walijibu hata kabla macho hayajafunguka. Wakasimama. Mchezaji anayeimba hasikii uchovu, na sasa orkesta nzima ilikuwa wao. Hapo nilikuwa sina kazi ya kugonga goti la yaya.

Tulicheza mpaka adhana. Huku kwetu Waislamu na Wakristo wanaishi katika familia moja, na hapakuwa na mtu wa kubishana: mwadhini akianza, gitaa zinanyamaza. Ilikuwa mwisho mzuri, kwani hakuna aliyefukuzwa.

Vita, kisha bafle

Vita ya 1996 ilipita, kisha ile ya 1998 ikakaa. Watu walilala porini, na sauti yoyote ya usiku ilikuwa hatari. Gitaa ya solo iliibiwa. Amplifikateri ilienda pia. Batri ilioza katika nyumba isiyo na paa. Mpiga besi alifariki porini kwa ugonjwa, na mwimbaji alikimbia, hatukusikia habari yake tena. Amani iliporudi kidogo, yaya alikuwa mtu wa shamba la mpunga. Alinionyesha mkono wake siku moja: vidole vilikuwa vigumu kwa mpini wa jembe.

Na miye, ninaungama hapa, sikumsaidia. Nilikuwa mwalimu, nilivaa suruali iliyopigwa pasi, na niliona muziki ni kazi ya watu wasiosoma. Mara mbili aliniomba tushirikiane kununua gitaa. Mara mbili nilimwambia ningoje mshahara. Mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua, lakini si kila mara ulikuwa sababu ya kweli.

Tarehe 14 Desemba 2021 Unesco iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tulisikia kwa radio. Nilienda mbio kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Vizuri. Na mpiga akompa wa hapa, nani atamfundishia mtoto?» Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata alikufa.

Familia ilipokaa kupanga siku ya kuondoa matanga, wote walikubali kwamba lazima kucheza, kwani marehemu alikuwa mtu wa muziki. Kazi ya muziki ilipewa msomi, yaani miye. Nikafanya hesabu ya kimwalimu: orkesta hakuna, kulisha wapiga muziki ni gharama. Nikakodi bafle mbili, grupe la umeme, na kijana wa kuziendesha.

Sauti ilikuwa kubwa, siwezi kusema uwongo. Watoto na vijana walicheza vizuri sana, wakijipiga picha kwa telefoni. Lakini kijana yule aliacha kila mara chumba cha kwanza cha wimbo, akaingia moja kwa moja katika sebene, na baada ya dakika mbili akairuka kwenda nyingine. Sufuria ilichemka tangu saa mbili pasipo kitu ndani. Wazee walikaa kwa mstari ukutani. Mjane wa yaya yangu alikaa katikati yao, mikono juu ya magoti. Kijana hakuwa na kosa. Alitazama kioo cha mashini yake, hakuna aliyemwambia atazame miguu.

Saa tano grupe lilinyamaza. Esansi imekwisha. Giza, kimya, na watu wakaanza kubeba viti vyao. Hapo nikasikia akompa.

Mzee wa akompa nilikuwa nimemwalika kula tu. Kumbe alikuja na gitaa yake ya mbao ndani ya gunia la mchele. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akapiga kile kifungu chake cha zamani, pasipo amplifikateri. Sauti ilikuwa ndogo hata watu wakalazimika kusogea. Waliosogea hawakurudi kwa viti. Mwanafunzi wangu mmoja, mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa, alikimbia kwao, akarudi na gitaa yake. Akaanza solo kwa mbio kama vijana wanavyopenda. Mzee hakusimamisha mkono, alisema tu:

— Polepole, mwanangu. Yule mama bado hajasimama.

Nilienda jikoni, nikatafuta kopo la maziwa, nikatia mahindi. Nilisimama mbele, uso kwa watu, miaka thelathini baadaye. Katika wimbo wa pili mjane wa yaya alisimama. Alicheza polepole, hakutazama mtu. Wamama walimzunguka. Nilitazama visigino vyao kama nilivyofundishwa, na nilipoona vinatua nilimgonga kijana na goti. Akageuka, akaniuliza: «Mwalimu, nimekukanyaga?»

Swali hilo liliniumiza kuliko mazishi. Miaka ishirini niliwafundisha watoto methali, aina za mashairi na ngeli za majina. Sikumfundisha hata mmoja maana ya goti lile. Yaya alinipa miye pekee, nami niliiweka mfukoni.

Haikudumu mpaka alfajiri. Karibu saa saba uzi wa mzee ulikatika, na pikipiki ikaleta esansi. Bafle zikaanza tena, vijana wakafurahi. Lakini mambo mawili yalibadilika. Kijana wa bafle alikuja kuniomba majina ya nyimbo ambazo wamama wanazijua, akaziachia tangu mwanzo. Na mjane alicheza tena.

Tunachoweza kufanya

Sisemi tuvunje bafle. Bafle imekuja, itakaa, na harusi ya mtu maskini inaihitaji. Ninaomba mambo madogo. Mwenye feti atafute wapiga muziki wawili, hata wazee, awalipe wafungue usiku kwa saa moja kabla ya mashini. Mwenye mashini aache chumba cha kwanza cha wimbo kipite. Viongozi wa kwaya, ambao kwao gitaa bado zinapigwa kila Jumapili, wawape vijana ruhusa ya kujifunza kwa wazee siku zingine. Na siye walimu tuandike majina ya wapiga muziki wa zamani na sheria zao, wakingali hai.

Kwa upande wangu, kila Jumamosi saa tisa mchana mzee wa akompa anakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yangu. Ninamlipa kwa mchele. Wanakuja watoto watano, mara saba, mara wawili wakati wa kuvuna. Tuna gitaa ya kwaya, ile ya mzee, na kopo. Wamama wanaotoka shamba wanatua vikapu vyao, wanacheza kidogo, wanaendelea na safari.

Jumamosi iliyopita kopo lilikuwa kwa mtoto wa miaka kumi. Nilikuwa nasikiliza tu, sikuona kitu. Yeye akamgonga mzee na goti, na mzee akabadilisha kifungu. Nikageuka kutazama: mama mmoja alikuwa amefungua kikwembe chake ili akifunge upya. Alikifunga, akaendelea kucheza.